Nani Alilipa Nauli? Mwanafunzi wa Skandinavia na Ardhi ya Kitengela katika Nathari ya Afrika Mashariki

Uhakiki wa nathari inayomhusu mwanafunzi wa Kiafrika aliyekwenda kusoma ng'ambo umezoea kuuliza swali moja: je, aliyekwenda ndiye aliyerudi? Jibu hutafutwa katika kile kinachoitwa mgongano wa tamaduni, na kwa kuwa istilahi hiyo ni pana mno, jibu halikosekani kamwe. Mhusika akila kwa uma, huo ni mgongano. Akisahau lugha ya mamaye, ni mgongano. Akioa Mzungu, mhakiki hufunga makala yake kwa furaha. Makala haya yanapendekeza swali jingine, la chini zaidi na pengine lisilo na heshima nyingi katika ukumbi wa semina: nani alilipa nauli, na aliilipa kwa kuuza nini?

Swali hilo linaulizwa hapa kwa kuziweka pamoja sehemu mbili ambazo uhakiki wetu haujazoea kuzitaja katika sentensi moja. Upande mmoja ni Kitengela, na Kajiado kwa jumla, kusini mwa Nairobi. Upande wa pili ni miji mikuu ya Skandinavia: Copenhagen, Stockholm na Oslo. Itaonekana kwamba zimeunganishwa na jambo la kawaida kabisa, nalo ni karo.

Karo na ardhi

Kwa miongo mingi vyuo vikuu vya umma vya Skandinavia vilikuwa na sifa ambayo vyuo vya London na Boston havikuwa nayo: mgeni aliyekubaliwa kusoma hakutozwa karo. Kijana wa Afrika Mashariki aliyetaka kwenda huko alihitaji nauli, koti zito na fedha za kujikimu. Nauli ilipatikana kwa harambee, na harambee, hata ilipokuwa na uchungu wake, haikumlazimu mtu mmoja kuuza kila alicho nacho. Hali hiyo imegeuka kwa zamu. Denmark ilianza kuwatoza karo wanafunzi wanaotoka nje ya Ulaya mwaka 2006, Uswidi ikafuata mwaka 2011, jirani yao Ufini mwaka 2017, na Norway, iliyochelewa kuliko wote, mwaka 2023. Aidha, anayeomba kibali cha kuishi huko hutakiwa kuthibitisha kwamba ana fedha za kumtosha. Hivyo basi, kabla mwanafunzi hajaandika barua yake ya kwanza kwenda nyumbani, familia yake imekwisha kuandika matini nyingine ambayo hakuna mhakiki aliyeihesabu kuwa matini: taarifa ya akaunti ya benki. Ni masimulizi mafupi yenye mhusika mmoja na kilele kimoja, yaani siku ile ambapo fedha nyingi huingia kwa mkupuo. Anayeijua Kajiado hahitaji kuambiwa zimetoka wapi.

Historia ya ardhi hiyo inafahamika. Sheria ya mwaka 1968 iliwezesha kuundwa kwa ranchi za vikundi, ambamo wafugaji waliandikishwa kuwa wamiliki wa pamoja. Walioandikishwa walikuwa kwa sehemu kubwa wanaume, wakuu wa miji. Ranchi ya Kitengela iligawanywa mwaka 1988, kila mwanachama akapewa kipande chake na baadaye hatimiliki yake. Miaka miwili baadaye eneo la viwanda vya kuuza bidhaa nje likaanza kujengwa Athi River, wafanyakazi wakahitaji mahali pa kulala, na malisho yakaanza kukatwa katika vipimo vya hamsini kwa mia. Kijiji kilichokuwa kituo cha njiani kuelekea Namanga kilihesabiwa katika sensa ya 2019 kuwa mji wa watu zaidi ya 150,000. Mwaka 2000 ulianzishwa pia mpango wa kuwalipa wenye ardhi dola 4 kwa ekari kwa mwaka ili wasizungushie ua wala kuuza, na wanyama wa Mbuga ya Nairobi wapate njia ya kupita. Malipo yalitolewa kwa awamu tatu, nazo zilipangwa ziangukie majira ya kufunguliwa kwa shule. Kwa maneno mengine, kalenda ya nyumbu ilisomwa sambamba na kalenda ya karo. Mtunzi wa riwaya angebuni jambo hilo, wahakiki wangemlaumu kwa kutia chumvi.

Umuhimu wa haya kwa uhakiki ni huu. Karibu nathari yote ya mwanafunzi wa ughaibuni imejengwa juu ya dhana kwamba nyumbani hukaa pale pale pakimngoja. Katika *Season of Migration to the North* ya Tayeb Salih, iliyotoka kwa Kiarabu mwaka 1966, msimulizi anarejea kijijini kwake kando ya Nili baada ya miaka ya masomo Uingereza, na mtende wa nyumbani ndio unaomthibitishia kwamba yeye bado ana mizizi. Riwaya yote inaitilia shaka faraja hiyo, lakini mtende wenyewe haukuuzwa ili yeye asome. Ndipo Kitengela inapoleta tatizo jipya la kifani: hapa safari inakula mahali pa kurejea. Kadiri mwanafunzi anavyofanikiwa kukaa Stockholm mwaka wa pili na wa tatu, ndivyo nyumbani kunavyopungua ekari kwa ekari. Kurudi, ambako katika mapokeo ya riwaya hiyo ni kitendo cha kimaadili, kunakuwa kitendo kisicho na mahali pa kutendekea.

Chumba bila mlipaji

Nathari ya Kiswahili ya safari za kaskazini ina umri mrefu kuliko inavyodhaniwa. Salim bin Abakari alisimulia safari yake ya Urusi na Siberia ya mwaka 1896, na simulizi hiyo ikachapishwa na Velten mwaka 1901 pamoja na safari nyingine za Waswahili. Martin Kayamba alichapisha *Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza* mwaka 1932, baada ya kwenda huko katika ujumbe wa mwaka uliotangulia. Hawa hawakuwa wanafunzi, na suala la gharama halikuwasumbua kwa sababu lilikuwa la wengine: Salim alifuatana na bwana wake Mjerumani, Kayamba alikwenda kwa shughuli za dola. Macho yao yako huru kutazama. Yumkini uhuru huo wa macho ndio walioturithisha, na ndio unaotudhuru, kwa kuwa baada yao nathari yetu iliendelea kumtazama msafiri kana kwamba daima kuna mwenyeji fulani asiyetajwa aliyekwisha kulipa.

Hadithi fupi ya Ken Walibora, "Damu Nyeusi", iliyoupa jina mkusanyiko wa mwaka 2007 aliouhariri pamoja na Said A. Mohamed, ni mfano bora wa aina hii, na inastahili sifa kabla ya kukosolewa. Fikirini, mwanafunzi wa Kiafrika Marekani, anabaguliwa na Wazungu. Kisha, akidhani kwamba rangi ni undugu, anajikabidhi kwa Mmarekani mweusi na kuporwa. Walibora, ambaye alisoma Ohio, anaukata mzizi wa kaulimbiu iliyozoeleka ya umoja wa damu kwa ujasiri ambao watunzi wengi wa kizazi chake hawakuwa nao. Kejeli yake ni kali na mwendo wake ni mwepesi. Hata hivyo, msomaji akijiuliza Fikirini ameachiwa deni gani nyumbani, hadithi haimsaidii. Nyumbani ni mahali pa kukumbukwa na kukimbilia, si mahali pa kuhesabia. Anapoporwa, fedha zinazopotea ni zake yeye. Hakuna nyuma yake mama aliyeuza, wala ndugu aliyeacha shule ili zamu iwe ya mwenziwe. Kwa hiyo kuporwa kwake kunabaki fundisho kuhusu Marekani, kumbe kungaliweza kuwa pia fundisho kuhusu kule alikotoka.

Adam Shafi katika *Mbali na Nyumbani* (2013) anakaribia zaidi, kwa sababu kijana anayeondoka Zanzibar kuelekea kaskazini kupitia bara hana wa kumlipia. Safari yenyewe, na si darasa, ndiyo kiini cha kitabu, na kila hatua ina bei. Njaa, nauli, makaratasi na hisani ya watu wasiojulikana vinapata nafasi yake katika usimulizi. Lakini bei hiyo hulipwa na mwili wa msafiri mwenyewe. Hapo ndipo tofauti ilipo kati ya tawasifu ya mtoro na masaibu ya mwanafunzi aliyetumwa: mtoro anadaiwa na nafsi yake, aliyetumwa anadaiwa na ukoo.

Inafaa kusema wazi kwamba hakuna hata moja kati ya matini za Kiswahili zilizotajwa hapa inayoanzia katika ardhi ya Wamaasai. Walioandika kutoka huko waliandika kwa Kiingereza, na kwao mali iliyouzwa iko mbele ya macho. Kisa cha Molonket ole Sempele, alichokiandika mwanahistoria Kenneth King, kinapaswa kufundishwa katika kozi zetu za tawasifu na wasifu. Mwaka 1909 Ole Sempele aliuza ng'ombe zake akapata nauli ya kwenda kusoma Virginia, Marekani. Alirejea 1912. Kati ya miaka hiyo miwili serikali ya kikoloni iliwatia Wamaasai katika mkataba wa 1911 na kuanza kuwahamisha kutoka Laikipia kuwapeleka kusini, katika eneo ambalo leo ni Narok na Kajiado. Uhamisho huo ulikamilika 1913. Mwanafunzi huyo, basi, alitoa ng'ombe ili aondoke na akakuta nchi yenyewe inaondolewa. Riwaya iliyoelezwa hapo juu kuwa ni tatizo jipya la kifani ilikwisha kutokea katika maisha ya mtu zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Ila tu haikupata mwandishi wa riwaya.

Tepilit Ole Saitoti, Mmaasai wa Tanzania aliyesoma Marekani, aliandika *The Worlds of a Maasai Warrior* mwaka 1986, na wingi wa neno la kwanza la jina hilo ndio hoja yake yote. Henry ole Kulet, kwa upande wake, alianza mwaka 1971 na *Is It Possible?*, ambamo mtoto anaingizwa shuleni, na miaka arobaini baadaye akatoa *Vanishing Herds*, ambamo vijana wawili waliooana wanaswaga mifugo katika nchi iliyoharibiwa. Kazi hizi mbili husomwa kila moja peke yake. Zikisomwa kama mwanzo na mwisho wa hesabu moja, shule ikiwa upande mmoja wa daftari na mifugo upande wa pili, Ole Kulet anaonekana kuwa mwandishi wa uchumi kuliko alivyo mwandishi wa mila, na wale waliomfungia katika kabati la mila wana kazi ya kufanya upya.

Mlipaji bila jina

Mwanafunzi mashuhuri kuliko wote wa Afrika Mashariki katika jiji kuu la Skandinavia ni Ngũgĩ wa Thiong'o. Akiwa uhamishoni, katikati ya miaka ya 1980, alijiandikisha kusomea filamu katika Dramatiska Institutet, Stockholm, mtu wa umri wa miaka karibu hamsini mwenye jina duniani kote. Maisha hayo ya mwanafunzi hakuyatungia riwaya, na mfululizo wa tawasifu zake za ujana uliotoka kati ya 2010 na 2016 unaishia Makerere. Lakini mwaka 1986, katika kipindi hicho hicho cha Stockholm, ilichapishwa *Matigari*, aliyokwisha kuitunga kwa Kikuyu London. Ndani yake mna kisa ambacho wahakiki hukipita haraka wakikimbilia dini na ishara.

Matigari anatoka mwituni kuidai nyumba aliyoijenga kwa mikono yake. Anayemzuia ni John Boy, mwana wa mpishi wa mlowezi, aliyepanda farasi pamoja na mwana wa mlowezi huyo. Matigari anapotambua yeye ni nani, anashangilia kwanza: kumbe huyu ndiye mtoto ambaye watu walichanga fedha zao ili aende kusoma ng'ambo! Anatarajia kwamba neno hilo litamaliza mzozo. Boy anajibu kwa kuusifu ubinafsi na kuudharau umma. Hapa hadhira ya Kikuyu ya mwaka 1986, iliyokuwa imechanga katika harambee zisizo na idadi, haikuhitaji ufafanuzi. Mchango uliotolewa kama mbegu umegeuzwa kuwa ua wa kumzuia aliyeutoa. Nakala za riwaya zilipokamatwa Februari 1987, iliyozuiwa ilikuwa pia hesabu hiyo.

Kisa hiki kina nguvu ambayo "Damu Nyeusi" haina, na pia kina upungufu unaoikamilisha hadithi ile kwa kinyume. Walibora ametupa chumba cha mwanafunzi bila mlipaji. Ngũgĩ ametupa mlipaji bila chumba. Ng'ambo alikosoma Boy hakuna baridi, hakuna mwalimu, hakuna usiku wa kuhesabu sarafu. Ni tundu alimoingia mtoto wa watu akatokea msaliti. Isitoshe, waliochanga ni "watu", nao hawana majina wala ugomvi baina yao. Mtazamo wa kitabaka unahitaji umma ulio mmoja, lakini familia ya mfugaji mbele ya dalali si umma ulio mmoja. Baba ana hatimiliki. Wana wakubwa wanataka pikipiki au duka. Binti ana barua ya chuo. Mama, ambaye jina lake halikuandikwa popote wakati ranchi ilipogawanywa, ndiye anayejua ng'ombe watakunywa wapi kipande cha kaskazini kikiuzwa.

Cheikh Hamidou Kane aliliona jambo hili mapema. Katika *L'Aventure ambiguë* (1961), kabla Samba Diallo hajafika Paris, jamii ya Wadiallobé inaketi kujadili kama itawatoa watoto wake kwenda shule ya kigeni, na anayeitisha mkutano huo, na kuwaita wanawake wahudhurie kinyume cha desturi, ni mwanamke. Gharama inatajwa hadharani kabla ya safari. Kenya ina jukwaa linalofanana na hilo, nalo ni kikao cha bodi ya udhibiti wa ardhi kilichowekwa na sheria ya mwaka 1967, ambapo ardhi ya kilimo haiwezi kubadili mikono bila idhini. Tena sheria za mwaka 2012 zimeifanya ridhaa ya mke au mume kuwa sharti katika ardhi ya nyumba ya ndoa. Mke anaposimama mbele ya bodi kuulizwa kama amekubali, huku mwanawe akingoja fedha za Oslo, hapo pana mgogoro, pana kimya, pana mtu anayesema "ndiyo" na wote waliohudhuria wakajua kwamba hakusema. Ni tamthilia iliyo tayari, na mwandishi wa Kiswahili atakayeitwaa hatahitaji kumtia mhusika wake theluji nyingi.

Copenhagen katika Ngong

Kuna upande mwingine wa njia hii ambao hauwezi kuachwa, japo kwa ufupi. Kabla Kajiado haijapeleka mwanafunzi Skandinavia, Skandinavia ilikwisha kumleta wake. Karen Blixen, aliyesomea uchoraji katika chuo cha kifalme cha sanaa cha Copenhagen mwanzoni mwa karne ya 20, alifika Kenya Januari 1914, miezi michache tu baada ya Wamaasai kumaliza kuhamishwa. *Den afrikanske Farm*, iliyotoka 1937, inaitazama hifadhi yao ng'ambo ya mto kama mandhari ya fahari na huzuni. Sababu ya watu hao kuwa pale haimshughulishi sana. Kitabu hicho ni simulizi ya mtu aliyepoteza shamba, na upotevu huo unaliliwa kwa ufundi mkubwa. Lakini msomaji wa Kajiado ana haki ya kutambua kwamba katika ukurasa ule ule wapo waliopoteza kwanza, nao hawakupewa kilio chao.

Kinachovutia zaidi kwa idara ya Kiswahili ni sehemu ndogo ambamo anasimulia jinsi alivyowatungia vijana wa shamba, wakati wa kuvuna mahindi, mistari ya Kiswahili yenye vina isiyo na maana, nao wakamtaka aendelee, wakiifananisha sauti hiyo na mvua. Sehemu hiyo hunukuliwa mara nyingi kuthibitisha kwamba ushairi wenye vina ulikuwa mgeni masikioni mwa Waafrika. Waliokwisha kusoma Muyaka bin Haji watatabasamu. Kiswahili cha shamba lile kilikuwa lugha ya kazi, baina ya bibi na vibarua wasioizaliwa, na mistari ile ilikuwa mzaha wa mwajiri. Kwamba hao hao walikuwa na nyimbo zao katika lugha zao, jambo hilo halikuhitaji shamba wala Copenhagen.

Nyumba ya Blixen ilinunuliwa na serikali ya Denmark ikapewa Kenya kuwa zawadi ya uhuru mwaka 1964, na leo ni makumbusho. Kwa mtafiti wa Kajiado kumbukumbu haziko katika makumbusho. Ziko katika kadi za harambee zenye jina la mgeni rasmi na orodha ya wachangaji nyuma yake, katika barua za chuo zilizokunjwa pamoja na nakala za hatimiliki, katika mihtasari ya bodi za ardhi, na katika ujumbe wa simu unaoandikwa kwa Kimaasai, Kiswahili na Kiingereza katika mstari mmoja, mtoto akiomba na mzazi akiahidi. Mwanafunzi wa shahada ya uzamili anayetafuta mada angeweza kuanza na kadi. Anayechanga shilingi 200 huandikwa, na anayetoa mbuzi huandikwa pia. Mara nyingine karani huongeza, mbele ya jina la mama, kwamba amelipa kwa maziwa.